Jinsi ya Kutunga Hadithi ya Upelelezi ya Zama Zilizopita Yenye Mpelelezi Aliyerudi Vitani: Mwongozo kwa Waandishi wa Lindi na Mtwara

Hadithi ya upelelezi iliyowekwa katika zama zilizopita humtaka mwandishi atunge fumbo linalosimama lenyewe, na papo hapo airudishe dunia ambayo wasomaji wake wengi hawakuiona. Ukimfanya mpelelezi kuwa mtu aliyerudi kutoka vitani, unajiongezea kazi nyingine, kwa maana sasa ni lazima ujue vita vilimfanya nini mtu huyo, vilimfundisha nini na vilimnyima nini. Waandishi wengi huishughulikia kazi hiyo kwa aya moja: wanampa kovu shavuni, wanamfanya achechemee, kisha wanaendelea na upelelezi ambao mtu yeyote mwenye akili timamu angeweza kuufanya. Mwongozo huu umeandikwa kupinga njia hiyo. Ninaamini kwa dhati kwamba vita vinapaswa kuwa ndiyo macho anayotazamia mpelelezi, hata ikawa pasipo vita vile fumbo lisingefumbuka, na pengine uhalifu wenyewe usingetokea.

Pwani na bara ya Lindi na Mtwara ni mahali panapofaa mno kwa kazi hii. Katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja, nchi hii iliona Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ikaona majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yakisagana mashambani mwake mwaka 1916 na 1917, ikatoa vijana waliokwenda kupigana Burma, kisha ikawa jirani wa vita vya ukombozi vya Msumbiji vilivyoanza 1964 ng'ambo ya Ruvuma.

Hatua ya kwanza: chagua vita kabla ya kuchagua mauaji

Jambo la kwanza kuamua ni vita gani mpelelezi wako alivipitia, kwa sababu vita hivyo ndivyo vitakavyokupa umri wake, ujuzi wake, maadui zake na mwaka wa hadithi.

Ukichagua Vita Kuu ya Kwanza, moyo wa habari uko Mahiwa, karibu na Nyangao, barabara ya kutoka Lindi kwenda Masasi. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 jeshi la Jenerali Lettow-Vorbeck lilipambana huko na majeshi ya Waingereza yaliyokuwa yanapanda kutoka Lindi, wakiwemo askari wa Nigeria na wa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na upande wa Waingereza ukapoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa na kujeruhiwa. Wajerumani walipoteza wachache zaidi, lakini hawakuwa na watu wa kuziba mapengo, na risasi zao zisizotoa moshi zilikaribia kwisha, ikabidi wategemee bunduki za zamani za mwaka 1871. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Novemba, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Zingatia jambo ambalo wanahistoria hulitaja kwa haraka lakini mtunzi hapaswi kulipita: maaskari wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, na baada ya vita walirudi kuishi katika vijiji vilevile, wakanunua chumvi katika duka moja na kuswali katika msikiti mmoja. Hadithi ya upelelezi haiombi udongo mzuri zaidi ya huo.

Ukichagua Vita Kuu ya Pili, utapata mtu wa namna nyingine. Huyu alichukuliwa na keya, akapelekwa Uhabeshi mwaka 1941, au Madagaska mwaka 1942, au Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua, matope na malaria. Jeshini wengi walijifunza kusoma na kuandika, wengine udereva, wengine upelekaji wa taarifa kwa redio. Aidha, usiisahau meli ya Khedive Ismail, iliyozamishwa na manowari ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ikafa na watu wapatao 1,300, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Mtu aliyeokoka katika meli hiyo, akarudi Lindi ambako kila safari ndogo inahitaji kuvuka mkono wa bahari, ana mzigo ambao mwandishi makini hatautaja kwa maneno mengi. Atamfanya tu azunguke kwa miguu mahali ambapo wenzake wanavuka kwa mtumbwi.

Wapo watakaopenda kusogea karibu zaidi, wamchukue askari aliyerudi kutoka Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wamweke Lindi au Masasi wakati wa msako wa wahujumu uchumi wa 1983, sukari na sabuni zikiwa zimefichwa chini ya vitanda. Nafasi hiyo bado ina uwanja mpana, na wazee wanaoikumbuka wapo hai wa kuulizwa.

Hatua ya pili: amua alikuwa nani huko vitani

"Askari" peke yake haitoshi. Katika jeshi la Wajerumani kulikuwa na ombasha, shaushi, soli na efendi, na kila cheo kilikuwa na njia yake ya kutazama watu. Kulikuwa na rugaruga, ambao hawakuwa askari wa kudumu na ambao vijiji viliwaogopa kwa uporaji. Kulikuwa na mabawabu wa hospitali, watarishi, wapishi na wapigatarumbeta. Zaidi ya wote kulikuwa na wapagazi.

Ushauri wangu, na ninausisitiza, ni kumchagua mpagazi. Waliochukuliwa kubeba mizigo walikuwa wengi mno kuliko waliobeba bunduki, wakafa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na kikosi chao upande wa Waingereza, Carrier Corps. Wengi waliandikwa kwa majina yaliyokosewa, wengine wakafa bila ndugu zao kupewa taarifa, na mishahara yao ikabaki haikuchukuliwa. Mtu aliyetoka humo hakurudi na nishani wala hadithi za kutambia barazani. Hata hivyo, alirudi na maarifa ambayo polisi wa serikali hana: anajua uzito wa kitu kwa kukiinua mara moja, kwa sababu mzigo wa mpagazi ulikuwa takriban kilo 27 na yeye aliubeba kwa miezi, anajua mtu mwenye mzigo hutembea umbali gani kwa siku na mtu mtupu hutembea umbali gani, anajua njia za miguu ambazo hazimo katika ramani ya Boma. Mshukiwa akidai kwamba alifunga magunia mawili ya ufuta Nyangao jioni na kuyafikisha Lindi asubuhi kwa mabega yake, mpelelezi huyu hana haja ya kumtafuta shahidi.

Katika mfano nitakaoendelea nao, mpelelezi ni mnyapara wa wapagazi wa zamani, mtu wa miaka thelathini na kitu, anayeishi Lindi mwaka 1927, na watu wote mtaani wanamwita Mnyapara, ila bibi mmoja tu anayeendelea kumwita "mwanangu".

Hatua ya tatu: uweke mji mahali pake na mwaka wake

Hapa ndipo hadithi nyingi zinapovuja. Mtwara tunayoijua leo, yenye bandari, Shangani na Ligula, haikuwepo mwaka 1927. Mji wa upande huo ulikuwa Mikindani, ambako Wajerumani walijenga boma mwaka 1895, na makao makuu ya Jimbo la Kusini yalikuwa Lindi. Mtwara ilikua kwa sababu ya mradi wa karanga uliozinduliwa 1947 na kuvunjika 1951, ambao ulifyeka mapori ya Nachingwea, ukaleta reli na bandari ya maji marefu, kisha ukaacha mabaki ya mitambo porini. Makao ya jimbo yakahamia Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mkoa wa Lindi wenyewe, kwa mipaka tunayoitamka leo, ulianza 1971. Kwa hiyo mpelelezi wa 1927 haripoti "mkoani" wala hapelekwi "Mtwara mjini".

Vivyo hivyo kwa mazao. Korosho imetawala maisha yetu kiasi kwamba mwandishi huiweka kila mahali, lakini kuenea kwake kama zao kuu la biashara ni habari ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1927 magunia yaliyopakiwa majahazini Lindi yalikuwa ya mtama, ufuta na mkonge, pamoja na nta na sandarusi. Fedha ni shilingi na senti, lakini wazee bado wanahesabu kwa rupia wakikasirika. Mwanga ni wa koroboi au fanusi. Wakati wa masika Mto Rufiji hukata njia ya kwenda Dar es Salaam, hivyo mtu mzito akiuawa, askari kanzu kutoka makao makuu hafiki kesho. Atakuja na meli, na mpelelezi wako ana siku kadhaa za kufanya kazi kabla hajafika mwenye mamlaka. Kucheleweshwa huko ni zawadi kwa mtunzi, na haifai kuipoteza kwa kumletea gari la polisi lisilowezekana.

Kwa mwandishi anayetaka mandhari isiyochoshwa na wengine, namtajia Tendaguru, kilima kilicho bara ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi Lindi, mzigo kwa mzigo, jumla ikapita tani 200. Na mwaka 1924 Waingereza wakarudi kuendelea na uchimbaji. Mpagazi aliyebeba mifupa kabla ya vita, akabeba masanduku ya risasi wakati wa vita, akarudi kubeba mifupa tena, tayari ni riwaya kabla hata hujamuua mtu yeyote.

Hatua ya nne: uhalifu utoke katika ukoo na uchumi wa mahali

Mauaji ya hadithi za kigeni mara nyingi hutokana na wosia, na mrithi anayeshukiwa ni mtoto wa marehemu. Ukiuhamisha mpango huo kama ulivyo hadi kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao au Wamakua utakuwa umekosea msingi, kwa kuwa watu hawa walihesabu ukoo upande wa mama, na mwenye haki katika mali ya mjomba alikuwa mpwa, mtoto wa dada. Mtoto wa kuzaa anaweza kumpenda baba yake na asipate kitu. Wakati huohuo marehemu akiwa Mwislamu, kadhi anaweza kuamua kwa sheria ya dini, inayompa mtoto fungu lake. Basi kila mtu anayekufa na mnazi, duka au mashua anaacha nyuma yake makundi mawili yanayoamini kwa haki kabisa kwamba mali ni yao. Orodha yako ya washukiwa imejiandika yenyewe, na ni orodha ambayo msomaji wa Newala ataielewa kabla ya msomaji mwingine yeyote.

Katika mfano wetu, marehemu ni karani aliyekuwa akiwaandikia watu barua za kudai mishahara ya ndugu zao waliokufa upagazini. Ana daftari lenye majina ya wafu, namba zao na majina ya wanaodai kuwa ndugu. Mtu mmoja ameonekana mara nyingi mno katika daftari hilo, kila mara kwa ukoo tofauti. Uhalifu huu hauwezi kuhamishwa kwenda mahali pengine popote bila kufa, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia kupima kama uhalifu umepata mizizi.

Hatua ya tano: dalili zisomwe kwa mwili wa mtu aliyetoka vitani

Hii ndiyo hatua nitakayokaa nayo zaidi, maana riwaya husimama au kuanguka hapa.

Mwili wa karani umeonekana katika mikoko ya upande wa Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, umenasa katika mizizi ya juu. Kila mtu anasema alianguka kutoka kwenye ngalawa usiku na maji yakamleta. Mwandishi lazima ajue maji ya mahali hapo kabla ya kuandika sentensi inayofuata. Siku za bamvua, yaani zinazoandamana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa kuelekea saa kumi, alfajiri na jioni, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 au zaidi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari husogea kidogo tu na ile mizizi ya juu haiguswi. Kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, ukishajua tarehe ya Kiislamu unajua na maji: bamvua huangukia siku za mwanzo na za katikati ya mwezi, maji mafu huangukia karibu na tarehe 8 na tarehe 23. Ujanja huu ni wa thamani kwa mtunzi wa hadithi za kale, maana watu wa zama hizo hukumbuka matukio kwa Maulidi, kwa Idi na kwa mfungo kuliko kwa Septemba.

Basi tuseme Maulidi yalisomwa tarehe 12 Mfungo Sita, ambayo mwaka 1927 iliangukia Septemba, wakati wa kiangazi. Karani alionekana akinunua mafuta ya taa jioni ya tarehe 20 Mfungo Sita. Mwili wake umeonekana tarehe 23. Tangu tarehe 20 bahari imekuwa ikirudi nyuma siku hadi siku, na mahali ulipokutwa mwili hapajafikiwa na maji. Bahari haikumleta karani. Aliletwa na watu, na kwa sababu hiyohiyo nyayo zao katika matope ya juu hazijafutwa na maji wala mvua.

Mpaka hapa mvuvi yeyote wa Kitunda angeweza kufumbua. Ili tumhitaji Mnyapara, tunahitaji kitu ambacho mvuvi hakijui. Mnyapara anachuchumaa kando ya nyayo. Ni za watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wote wamezamisha visigino, hatua zao ni fupi, na matope yamebinuka upande wa nje wa mguu, jambo linaloonyesha kwamba walikuwa na uzito na walikuwa wakiusawazisha. Walimbeba katika machela. Anatembea sambamba na nyayo zile polepole, akiweka mguu wake kando ya kila unyayo, na baada ya hatua chache anasimama. Mtu wa mbele alipoanza na mguu wa kushoto, wa nyuma alianza na wa kulia, na wameendelea hivyo bila kukosea hadi kwenye mikoko. Watu wawili wasiofunzwa wakibeba mti mabegani huingia katika mwendo mmoja wenyewe, na machela huanza kuning'inia na kupiga huku na huku. Waliofunzwa kubeba majeruhi huvunja mwendo makusudi, ili aliyelala asitikisike. Mnyapara alifundisha mwendo huo kwa watu wake mwaka 1917, wakiteremsha majeruhi wa Mahiwa kuelekea Lindi. Wauaji wamembeba maiti kwa upole uleule waliozoea kuwabebea walio hai, kwa sababu miguu yao haijui kubeba kwa namna nyingine. Naye anajua kwamba atakayemkamata ni mtu aliyewahi kumwita ndugu.

Angalia mambo yaliyotendeka katika dalili hiyo moja. Imefumbua namna mwili ulivyofika, imepunguza washukiwa kutoka mji mzima hadi watu wachache, imetueleza vita bila kumbukumbu ndefu ya mapigano, na imemjeruhi mpelelezi. Ukipata dalili moja ya aina hii katika riwaya nzima, nyingine zinaweza kuwa za kawaida. Ukipendelea silaha, bunduki ya 1871 itakufaa: risasi yake ni nzito, ya madini ya risasi, yenye upana wa milimita 11 na baruti yake hutoa wingu la moshi, hivyo shahidi anayedai alisikia mlio kutoka msituni lakini hakuona moshi, wakati jeraha ni la bunduki hiyo, ana jambo la kueleza.

Hatua ya sita: ijue sheria iliyokuwepo

Mpelelezi wetu hana mamlaka ya kukamata, na hilo ni jema. Lazima ujue, hata hivyo, kesi itakwenda wapi. Mauaji hayakusikilizwa na baraza la liwali wala la jumbe. Yalikwenda mbele ya mahakama za serikali, na jaji wa Mahakama Kuu alisaidiwa na wazee wa baraza waliotoa maoni yao, ingawa uamuzi ulibaki wake. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ilikuwa kunyongwa. Jambo lenye manufaa makubwa kwa mtunzi ni kwamba Tanganyika ilitumia sheria ya ushahidi ya India ya 1872 hadi ilipopata yake mwaka 1967, na chini ya sheria hiyo ungamo alilolitoa mshukiwa kwa polisi halikukubaliwa kuwa ushahidi dhidi yake. Kwa hiyo ile sura ya mwisho tunayoizoea, ambamo muuaji anabanwa kwa maneno mbele ya inspekta hadi anakiri yote, haimfikishi mtu popote. Mpelelezi wako anahitaji kitu cha kushikika, au amshawishi mtu aende mwenyewe kuungama mbele ya hakimu. Katika mfano wetu kitu hicho ni daftari, na swali la nani analo litaendesha theluthi ya pili ya riwaya.

Hatua ya saba: jinsi anavyouliza

Katika miji ya pwani hakuna mtu anayeulizwa swali akiwa bado mlangoni. Kuna hodi, kuna karibu, kuna salamu za nyumbani, shambani na za wagonjwa, na mkubwa huamkiwa shikamoo hata kama ndiye mshukiwa. Ukiziruka salamu hizi ili kuharakisha hadithi, umepoteza uwanja bora wa upelelezi, maana mtu aliyeua usiku wa jana hujibu "wazima" kwa sauti isiyo yake. Mpe Mnyapara subira ya kusikiliza salamu.

Kisha tumia utani. Makabila ya kusini yana watani wao, na msibani mtani ana ruhusa ambayo hata polisi hana: anaweza kuingia ndani, kumkejeli marehemu, kuuliza alikuwa anamdai nani, kushika vitu vyake na kukataa kuvirudisha hadi apewe chochote, na hakuna wa kumkasirikia. Mpelelezi aliye mtani wa ukoo wa marehemu ana hati ya upekuzi iliyotolewa na mababu. Nashangaa kwamba nafasi hii haitumiki zaidi.

Jambo moja lisitumike ovyo. Siri za jando na unyago zisifanywe dalili za kuwafurahisha wasomaji. Inatosha kuonyesha kwamba wanaume wawili waliingia jandoni pamoja na kwamba kuna jambo hawatalisema mbele ya wengine. Mpelelezi mwenyewe, kwa heshima yake, asilazimishe.

Na wapo watakaosema kwamba karani alirogwa. Usiwadhihaki, na wala usiwakubalie kwa kumaliza fumbo kwa miujiza. Mganga ni mpelelezi mwenzake Mnyapara, anayejua magomvi ya kila nyumba, na historia yetu ya fasihi inampa nafasi: utenzi wa Hasani bin Ismail kuhusu mganga Nguvumali, uliochapishwa mwaka 1968, unasimulia mauaji na jinsi wahusika walivyotafutwa. Wawili hao wakikutana, kila mmoja akiheshimu elimu ya mwenzake na kuihofu, utapata sura nzuri.

Hatua ya nane: majeraha yasiyoonekana

Andika machache. Mwaka 1927 hakuna mtu Lindi aliyekuwa na jina la kitabibu la yale yaliyompata aliyerudi. Walisema ana pepo, au amebadilika, au wakanyamaza. Mnyapara hawezi kula akiwa amekaa katikati ya watu wengi, kwa sababu aliwahi kugawa unga usiotosha na kuamua nani akose. Hilo moja, likirudi mara mbili au tatu kwa namna tofauti, litafanya kazi kuliko kurasa kumi za ndoto mbaya. Usimponye mwishoni mwa kitabu.

Hatua ya tisa: utafiti na usomaji wa mwisho

Kwa mandhari, panda daladala uende Mikindani, Nyangao na Kitunda, utembee kwa miguu. Kwa lugha na fikra za wakati huo, tafuta nakala za Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923, usome barua za wasomaji na mashairi, si tahariri peke yake. Na usome utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi hiihii. Vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza na majalada ya Wajerumani yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kwa wazee, usiulize "vita vilikuwaje". Uliza babu alirudi na kitu gani, kikawekwa wapi, na nani alikatazwa kukigusa.

Rasimu ikikamilika, chukua kalamu nyekundu upige mstari chini ya kila mahali vita vinapotajwa. Soma riwaya ukiyaruka maneno hayo. Fumbo likibaki linafumbuka vilevile, rudi hatua ya tano uanze upya, hata kama sentensi zako ni nzuri. Kisha mpe mvuvi mmoja sura ya mikoko asome au umsomee, na mtu wa ukoo wa upande wa mama akupitie mambo ya urithi. Wakikwambia jambo haliwezekani, libadilishe kabla hujaipeleka rasimu kwa mchapishaji.